Nani Anavipa Vifaa Majina? Mjadala wa Visimamizi vya Vifaa katika Linux

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba kukipa kitu jina si jambo dogo. Chombo kimoja tu kimewagawa wataalamu wetu kwa miaka mingi: wapo wanaosema kompyuta, wapo wanaosema tarakilishi, na wapo waliopendekeza ngamizi. Hapa Rwanda, Kinyarwanda kinacho jina lake, mudasobwa. Nyuma ya mabishano hayo kuna maswali mawili: nani mwenye mamlaka ya kutoa jina, na nani atakayelitunza jina hilo baada ya kutolewa?

Makala haya yanaeleza mjadala unaofanana na huo, uliodumu kwa zaidi ya miaka ishirini miongoni mwa watunzi wa mfumo wa Linux. Wanaobishana ni waandishi wa programu, na majina wanayobishania ni ya diski, printa, kamera na kadi za mtandao. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Linux imo ndani ya vyombo ambavyo walimu na wanafunzi wetu wanavitumia kila siku, ingawa wengi hawaioni. Pili, mjadala huu unaonyesha wazi jambo ambalo sisi walimu wa lugha tunalihitaji katika kazi yetu ya istilahi: njia mbadala haina uzito mpaka apatikane mtu wa kuitunza.

Msomaji asiyeijua kompyuta kwa undani asiwe na wasiwasi. Tutaanza mwanzo kabisa.

Kifaa kama faili

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kwa maana finyu, Linux ni kiini tu, yaani kerneli: ile programu ya ndani kabisa inayozungumza na sehemu za kompyuta zinazoshikika. Mtumiaji hapewi kiini peke yake. Hupewa kifurushi, yaani kiini kilichofungashwa pamoja na programu nyingine nyingi. Debian, Fedora, Gentoo, Slackware na Ubuntu ni vifurushi vya namna hiyo. Kiini ni kilekile, bali kila kundi hufungasha kwa namna yake.

Linux ilifuata kanuni ya mfumo wa zamani uitwao Unix, kwamba karibu kila kifaa huonekana kama faili. Faili hizo hukaa katika saraka iitwayo /dev. Diski ya kwanza huweza kuitwa /dev/sda, ya pili /dev/sdb, na printa /dev/lp0. Programu inayotaka kutumia kifaa haihitaji kujua kimetengenezwa na kampuni gani. Hufungua faili yake na kuandika au kusoma, na kiini hufanya kazi iliyobaki.

Jina hilo lipo kwa ajili ya binadamu na programu zao. Kiini chenyewe hutambua kifaa kwa namba mbili. Namba kuu huonyesha kiendeshi kinachohusika, na namba ndogo huonyesha ni kifaa kipi hasa miongoni mwa vile vinavyotumia kiendeshi hicho. Kwa hiyo kuna jina upande mmoja na namba upande wa pili. Lazima kuwe na anayeviunganisha viwili hivyo. Je, awe nani, afanye hivyo wakati gani, na kwa kanuni ipi? Programu inayofanya kazi hiyo ndiyo tunayoiita kisimamizi cha vifaa.

Kutoka orodha ya kudumu hadi devfs

Hapo awali hapakuwa na kisimamizi chochote. Majina yote yaliandikwa mapema, wakati wa kuweka mfumo katika kompyuta, hata kwa vifaa ambavyo mwenye kompyuta hakuwa navyo na wala hangekuwa navyo kamwe. Ni sawa na mwalimu anayeandika katika daftari la mahudhurio majina ya watoto wote wa wilaya, ili yeyote atakayefika siku moja akute jina lake limeshaandikwa. Kifurushi cha Red Hat 9 cha mwaka 2003 kilikuwa na majina zaidi ya 18,000 katika saraka ya /dev. Kulikuwa pia na chombo cha kugawa majina na namba, kikijulikana kwa kifupi kama LANANA, ili watu wawili wasichukue namba moja. Hata hivyo namba kuu zilikuwa chache: hazikuzidi 255, na vifaa vilizidi kuongezeka.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Richard Gooch. Aliandika devfs, ambayo iliingizwa katika kiini mwaka 2000 na kufikia watumiaji wa kawaida kupitia toleo la 2.4 la Januari 2001. Kwa devfs, kiini chenyewe kilipokiona kifaa kilitengeneza jina lake papo hapo. Saraka ya /dev sasa ikawa na vifaa vilivyopo tu. Hilo lilikuwa jambo jema.

Tatizo lilikuwa majina yenyewe. Diski iliyokuwa ikiitwa /dev/hda sasa iliitwa /dev/ide/host0/bus0/target0/lun0/disc. Mwalimu wa lugha ataona mara moja kilichotokea: jina hilo halisemi kifaa ni nani, linasema kinakaa wapi. Ni kama kuacha kumwita mtu kwa jina lake na kumwita Wa Nyarugenge Mtaa wa Pili Nyumba ya Tatu Chumba cha Nyuma. Palihitajika programu ya ziada ya kurudisha yale majina ya zamani ili programu nyingine zisipotee njia.

Wakosoaji, hasa Alexander Viro, mmoja wa watunzi wakubwa wa kiini, walikuwa na malalamiko mengine mazito zaidi. Walisema devfs ilikuwa na kasoro za ndani: mambo mawili yakitokea kwa wakati mmoja, mfumo ungeweza kuvurugika. Aidha, walishikilia kanuni ya zamani kwamba kiini kitoe uwezo lakini kisiweke sera. Kutambua kifaa ni uwezo. Kuamua kiitwe nani ni sera. Sera hukaa nje, mahali ambapo mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha bila kugusa kiini.

Ujio wa udev

Mwaka 2003 Greg Kroah-Hartman, akishirikiana na Kay Sievers na Dan Stekloff, alitoa programu iitwayo udev. Aliieleza mbele ya watunzi wenzake katika kongamano la Linux la Ottawa, Kanada, mwezi Julai mwaka huo. Toleo la 2.6 la kiini, lililotoka Desemba 2003, lilikuwa na kila kilichohitajika ili udev ifanye kazi.

Utaratibu wake ni huu. Mtu anapochomeka flashi, kiini hukitambua kifaa na kuandika habari zake katika saraka nyingine iitwayo /sys: kampuni iliyokitengeneza, namba yake ya utambulisho, na aina yake. Kisha hutoa taarifa kwamba kuna mgeni amefika. Udev, ambayo inafanya kazi nje ya kiini, huipokea taarifa hiyo, husoma habari za mgeni, na kuzilinganisha na kanuni zilizoandikwa katika faili za kawaida. Mwenye kompyuta anaweza kuzisoma kanuni hizo na kuongeza zake.

Faida yake huonekana pale penye vifaa viwili vinavyofanana. Chukua ofisi yenye printa mbili za aina moja, moja ya kuchapia mitihani na nyingine ya matumizi ya kawaida. Kwa utaratibu wa zamani, iliyowashwa kwanza huwa lp0 na ya pili huwa lp1. Kesho zikiwashwa kwa mpangilio mwingine, majina yanabadilishana, na mtihani unatoka kwenye printa iliyoko ukumbini. Kwa udev mtu huandika kanuni yenye maana hii: printa yenye namba ya utambulisho fulani iitwe printa ya mitihani, hata iwashwe lini na ichomekwe wapi. Jina sasa limeshikamana na kifaa chenyewe badala ya mpangilio wa kuwashwa.

Vifurushi vingi viliihamia udev, na devfs iliondolewa kabisa katika kiini mwaka 2006. Ilionekana kana kwamba mjadala umekwisha, na kwamba upande wa majina kutolewa nje ya kiini umeshinda. Lakini mwaka 2009 watunzi walewale wa udev walipendekeza kitu kiitwacho devtmpfs, ambacho kinakiruhusu kiini kutengeneza majina ya msingi chenyewe, ili kompyuta iwake haraka na kwa urahisi. Wengine walipinga, wakisema huku ni kuirudisha devfs kwa mlango wa nyuma. Pendekezo lilikubaliwa hata hivyo, likaingia katika toleo la 2.6.32 la Desemba 2009. Tangu hapo kazi imegawanywa: kiini hutoa jina la msingi, na udev huongeza majina mengine, hupanga nani aruhusiwe kukitumia kifaa, na huzipasha habari programu nyingine.

Mgogoro wa mwaka 2012

Mwaka 2010 Lennart Poettering, akiwa pamoja na Kay Sievers, alitangaza mfumo mpya uitwao systemd. Hii ni programu ya kwanza kuanzishwa na kiini kompyuta inapowaka, nayo huanzisha na kusimamia huduma nyingine zote. Ilienea haraka, na kadiri ilivyoenea ndivyo ilivyochukua kazi nyingi zaidi. Wapo walioipenda kwa kuleta utaratibu mmoja penye vurugu nyingi. Wapo walioiona kama jirani anayesogeza ua wake kidogo kila mwaka.

Aprili 2012 ikatangazwa kwamba udev haitakuwa tena mradi unaojitegemea: msimbo wake umeunganishwa na ule wa systemd. Watunzi waliahidi kwamba udev itaendelea kutumika hata kwa wasiotaka systemd. Lakini ahadi haikuwatuliza wote. Kila kompyuta ya Linux inahitaji kisimamizi cha vifaa. Ikiwa kisimamizi kinachotumiwa na karibu wote kinakaa ndani ya nyumba ya systemd, je, mwenye nyumba akibadili nia itakuwaje?

Miezi michache baadaye likazuka jambo lililoongeza moto. Vifaa vingine, kama kadi za mtandao usiotumia waya, haviwezi kufanya kazi mpaka vipewe programu yao ndogo ya ndani wakati kompyuta inawaka. Wakati huo udev ndiyo iliyokabidhi programu hiyo. Badiliko fulani katika udev liliwafanya baadhi ya watumiaji kukuta kompyuta zinakwama kwa muda mrefu zikisubiri. Oktoba 2012 Linus Torvalds alilalamika hadharani kuhusu namna watunzi wa udev walivyolishughulikia tatizo hilo, na kazi hiyo ikahamishiwa ndani ya kiini chenyewe katika toleo la 3.7 la Desemba 2012. Linux huendeshwa kwa kanuni kwamba badiliko la ndani lisivunje kile ambacho mtumiaji alikuwa nacho jana, na wengi waliona kwamba kanuni hiyo imekiukwa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo baadhi ya watunzi wa Gentoo walichukua msimbo wa udev, wakautenga, wakaanzisha mradi wao walioupa jina la eudev. Leseni za programu huria zinaruhusu jambo hilo: yeyote anaweza kuchukua msimbo, kuubadili na kuusambaza. Tutaliita tendo hilo kuchipua tawi.

Tawi kubwa zaidi lilichipuka katika Debian. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian iliamua kwamba systemd ndiyo itakayotumika kama kawaida. Baada ya mabishano marefu na kura ya wanachama mwezi Novemba, kundi la waliopinga likajitenga na kuanzisha kifurushi kiitwacho Devuan, ambacho toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017. Devuan ilichagua eudev.

Njia mbadala zilizopo

Eudev ndiyo inayofahamika zaidi. Kwa kuwa ilitokana na udev, kanuni zilizoandikwa kwa udev zinasomeka nayo, na ndiyo maana kuihamia ni rahisi. Slackware pia inaitumia.

Mdev ni ndogo sana. Imo ndani ya BusyBox, programu moja inayobeba amri nyingi za msingi kwa ajili ya vyombo vidogo kama ruta, na kifurushi cha Alpine kinaitumia. Kanuni zake zinaingia katika faili moja fupi. Haina uwezo wote wa udev, na baadhi ya programu za kompyuta ya mezani hulalamika zisipoikuta udev au ndugu yake.

Vdev iliandikwa na Jude Nelson kuanzia mwaka 2014, na iliwapa matumaini wengi waliotaka kitu kipya kabisa badala ya tawi la udev. Ilijadiliwa sana katika jamii ya Devuan, lakini haikushika nafasi ya kisimamizi cha kawaida katika kifurushi chochote kikubwa.

Kuna pia ueventd, ambayo imo ndani ya Android. Mabishano haya hayakuigusa, ingawa Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kila anayechomeka kifaa kwenye simu yake ya Android anahudumiwa na kisimamizi ambacho si udev wala eudev.

Hoja za pande mbili

Ni rahisi kuusimulia mgogoro huu kama vita vya wema na ubaya. Mwalimu anayeutumia darasani aepuke kufanya hivyo, kwa kuwa kila upande una hoja zenye nguvu.

Wanaounga mkono muungano wanasema kwamba kompyuta ya leo haifanani na ile ya mwaka 1991. Vifaa huingia na kutoka wakati wowote. Huduma inayotegemea diski fulani lazima isubiri diski hiyo ionekane, kwa hiyo anayeanzisha huduma na anayetambua vifaa wanahitaji kusikilizana kwa karibu. Kuwaweka katika mradi mmoja kunapunguza kazi inayorudiwa na kasoro zinazoangukia katikati, mahali ambapo kila upande husema si kazi yangu. Tena, waandishi wa programu wanapata msingi mmoja wa kuutegemea badala ya mitano.

Wanaopinga wanasema kwamba nguvu ya Unix ilitokana na sehemu ndogo ndogo, kila moja ikifanya kazi yake na ikiweza kubadilishwa. Sehemu zikifungamana mno, chaguo linabaki katika maandishi ya leseni tu. Vilevile, vyombo vidogo na kompyuta za zamani vinahitaji mfumo mwepesi. Zaidi ya yote wanauliza: uamuzi unaogusa mamilioni ya watu ufanywe na wangapi, na aliyeathirika alalamike wapi?

Mfano mmoja unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuhukumu. Kadi za mtandao hazina faili katika /dev, lakini nazo zina majina. Kwa miaka mingi ziliitwa eth0, eth1, na kadhalika, kwa mpangilio wa kuonekana. Fikiria shule yenye kompyuta moja inayogawa intaneti kwa maabara. Ina kadi mbili: eth0 inaelekea nje, eth1 inaelekea maabara. Siku moja kompyuta inawaka na kadi zinaonekana kwa mpangilio tofauti. Maabara nzima inakosa mtandao, na kibaya zaidi, kinga iliyowekwa upande wa nje sasa iko upande wa ndani. Ili kuzuia hali hiyo, toleo la systemd la Januari 2013 lilileta majina mapya kama enp3s0, yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa. Majina hayo yanaweza kutabirika. Lakini hayakumbukiki, na vitabu na maelekezo ya miaka mingi yaliyosema eth0 yakapitwa ghafla. Aidha, msomaji aliye makini atakuwa ameona kwamba tumerudi palepale pa devfs: jina linalosema kitu kinakaa wapi. Safari hii faida ilionekana kuzidi hasara, na asiyeyataka anaweza kuyazima.

Mambo yalivyoishia

Mwaka 2014 Poettering aliwaonya wasiotumia systemd kwamba udev ingekuja kutegemea njia mpya ya mawasiliano ndani ya kiini, iitwayo kdbus, na kwamba ikifika hapo wasitazamie kuitumia bila systemd. Waliokuwa na hofu tangu 2012 waliona kwamba hofu yao imethibitika. Lakini kdbus haikukubaliwa katika kiini, na tishio hilo halikutimia. Udev imeendelea kuweza kujengwa na kutumika peke yake.

Kwa sababu hiyo, Agosti 2021 Gentoo yenyewe, iliyoizaa eudev, ilitangaza kwamba itaiacha. Sababu ya kuanzishwa kwake ilikuwa imepungua uzito, na watu wa kuitunza walikuwa wachache mno. Hapo ndipo ilipojulikana nani aliihitaji kweli. Watu kutoka jamii nyingine, zikiwemo Devuan na Alpine, waliichukua na kuendelea kuitunza katika makao mapya.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Eudev haikuokolewa na hoja nzuri zilizoandikwa kuitetea. Hoja hizo zilikuwepo tangu 2012. Iliokolewa na watu waliokubali kukaa chini na kusahihisha kasoro, kufuatilia mabadiliko ya kiini, na kutoa toleo jipya. Vdev ilikuwa na wazo zuri pia. Ilichokosa ni watu wa kutosha wa kuibeba.

Mjadala huu na sisi hapa Kigali

Kuanzia mwaka 2008 Rwanda iligawa kompyuta ndogo za XO kwa wanafunzi wa shule za msingi, chini ya mpango wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto. Kufikia mwaka 2014 zilikuwa zimegawiwa zaidi ya 200,000. Mfumo wake ulijengwa juu ya Fedora, kifurushi cha Linux kilichokuwa kikitumia udev. Mwaka 2019 kilifunguliwa hapa Kigali kiwanda cha simu za Mara zilizotumia Android, na ndani ya Android tumeshaona kuna ueventd. Maelfu ya Wanyarwanda wameutumia upande mmoja au mwingine wa mjadala huu bila kuulizwa.

Kwa shule yenye kompyuta za zamani, uchaguzi wa kifurushi ni jambo la kweli. Mwalimu anayesimamia maabara asianze kwa kuuliza nani alikuwa na haki mwaka 2012. Aulize maswali matatu: Je, kifurushi hiki kitaendelea kupata masahihisho kwa miaka ambayo kompyuta hizi zitatumika? Je, yupo mtu karibu anayekifahamu, ambaye anaweza kufika siku printa ikikataa? Je, maelekezo yake yanaeleweka kwa watakaoitunza maabara baada yangu? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kifurushi kinachosifiwa na ulimwengu mzima, lakini hakina anayekijua mjini, kitamwacha mwalimu peke yake.

Funzo kwa walimu wa lugha

Kiswahili kimeshapitia njia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu za ofisi. Ilikuwa hatua kubwa: mtumiaji aliona menyu na ujumbe katika lugha yake. Lakini programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri iliyofanywa kwa toleo moja haihamii yenyewe katika toleo linalofuata. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe ilichipua tawi, LibreOffice, na wengi wakahamia huko. Istilahi zilizobuniwa kwa jasho hudumu tu zikipata watu wa kuzihamisha, kuzisahihisha na kuzifundisha.

Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo idara zetu zina wajibu katika kazi ya istilahi. Tunaweza kubishana kama kerneli iitwe kiini au moyo, na mabishano hayo ni halali. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lina mamlaka yake, na watumiaji wana yao, kama vile kiini cha Linux kinavyotoa jina la msingi na kanuni za nje zikaongeza mengine. Ila baada ya mabishano, lazima pawe na darasa linalotumia istilahi iliyochaguliwa, faharasa inayopitiwa upya, na mwanafunzi anayejitolea kutafsiri toleo lijalo. Istilahi isiyo na watunzaji itafuata njia ya vdev.

Istilahi zilizotumika

Kiini (kerneli): programu ya ndani kabisa inayoviongoza vifaa vya kompyuta na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kufanya kazi.
Kifurushi: kiini cha Linux kilichofungashwa pamoja na programu nyingine, tayari kwa mtumiaji.
Kiendeshi: sehemu ya kiini inayojua kuzungumza na aina fulani ya kifaa.
Kisimamizi cha vifaa: programu inayopokea taarifa za vifaa vinavyoingia na kutoka, na kuvipa majina na ruhusa.
Saraka: mahali pa kuwekea faili ndani ya kompyuta.
Msimbo: maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtunzi.
Kuchipua tawi: kuchukua msimbo wa mradi uliopo na kuanzisha mradi mwingine unaojitegemea.

Maswali ya mjadala darasani

1. Jina linaloeleza mahali na jina linaloeleza utambulisho yana faida na hasara gani? Toa mifano kutoka majina ya watu, ya mitaa na ya vifaa.
2. Je, ahadi ya watunzi wa udev ya mwaka 2012 ilitimizwa? Tetea jibu lako kwa kutumia matukio ya 2014 na 2021.
3. Chagua istilahi tatu katika orodha iliyo hapo juu na upendekeze mbadala wake. Kwa kila moja, eleza nani atakayeitumia na nani atakayeitunza.